Chuo Kimekupiga Kibuti? Usijifungie Ndani, Dirisha la Pili Halikusubiri!

JUMAPILI moja mchana, msimu uliopita wa udahili, nilipanda bodaboda kutoka Shinyanga mjini hadi Ibadakuli kumsalimia dada yangu. Kama hupajui, Ibadakuli ndiko uliko uwanja wa ndege wa Shinyanga, na ndiko kilipo kile kituo kikubwa cha kupoza umeme ambako zinaishia nyaya nene zinazotoka Iringa kupitia Dodoma na Singida. Ukisogea pembeni kidogo unakutana na ng'ombe, mashamba na vumbi. Nyumba ya dada iko upande huo wa vumbi.

Nilikuta sherehe haijatangazwa lakini inanukia. Sebuleni kuna godoro jipya, bado limevaa nailoni yake. Pembeni kuna tranka jekundu na ndoo mbili zenye mifuniko. Shemeji yangu, Msukuma ambaye kumuona akicheka ni bahati, siku hiyo meno yote nje.

"Shemeji, mpwa wako anakwenda Dar kusomea udaktari!" akaniambia hata sijakaa. "Nimeuza dume moja mnadani. Likitakiwa la pili, litakwenda na lenyewe."

Nikapiga makofi. Nikamuulizia mhusika mwenyewe.

"Yuko chumbani, kichwa kinamsumbua," dada akajibu. "Leo siku ya tisa."

Ebo! Mtu kachaguliwa udaktari, halafu anaumwa kichwa siku tisa?

Alipokuja kuninawisha mikono nikamuona macho. Macho yale nayajua, msomaji wangu. Safu hii kila wiki inapokea barua za watu wenye macho kama yale: huyu katoswa na mchumba, yule kapigwa kibuti wiki mbili kabla ya harusi. Tukala ugali, mlenda na maziwa mgando. Tulipomaliza nikamwomba binti anisindikize mpaka barabarani nikatafute usafiri. Usafiri wenyewe wala sikuutaka.

Tulipofika mbali na masikio ya nyumbani, akasimama.

"Anko, mimi sijachaguliwa popote."

Vyuo vitatu, vyote vimemtosa. Siku majina yalipotoka, baba yake aliingia ndani akauliza, "Vipi mama, umepata?" na mdomo wake ukajibu wenyewe, "Nimepata." Alidhani ataurekebisha uongo ule kabla ya kulala. Jioni mtaa mzima ulikuwa umeshajua. Siku ya mnada ilipofika, dume likaondoka. Godoro likaja. Tranka likaja. Yeye akaingia chumbani kuumwa kichwa.

Unadhani nilimgombeza? Ningeanzia wapi, na mimi mwenyewe ni fundi wa uongo huohuo?

Kibuti changu cha mwaka 1996

Nilimaliza kidato cha sita mwaka 1996. Vyuo vikuu vya enzi hizo ungevihesabu kwa vidole vya mkono mmoja ukabakiwa na kidole. Kulikuwa na Mlimani na vyuo vyake vishiriki, Muhimbili kikiwa kimojawapo. Kulikuwa na Sokoine pale Morogoro, na Chuo Kikuu Huria kilichokuwa bado kichanga, maana sheria yake ni ya mwaka 1992. Nyegezi, Mwanza, kulikuwa na chuo lakini hakikuwa chuo kikuu, kimekuja kuwa SAUT mwaka 1998. UDOM hata kwenye ndoto hakikuwepo, kimeanza 2007. Kwa hiyo siku hizo ukitoswa na mmoja, ni kama umetoswa na ukoo mzima.

Barua yangu ilikuja kwa posta. Nikaisoma mara moja, nikaichana, nikaitumbukiza chooni. Kijiweni nikawaambia washikaji kuwa barua bado haijafika, posta wamezidi uzembe.

Sasa sikiliza ujinga wangu. Wiki ileile ilifika barua nyingine, ya chuo kimoja cha diploma. Hao wamenikubali! Wanasema niripoti ndani ya wiki mbili. Nikaitazama kama mtu aliyeletewa makombo. Diploma? Mimi? Nikaiweka chini ya godoro. Siku 14 zikapita nikiwa nimeshikilia uongo wa posta, na nafasi ile ikaondoka.

Uongo ukishakuwa mkubwa unakufukuza nyumbani. Mimi ulinipeleka Geita, machimbo ya Nyarugusu, kubeba viroba vya mawe ya wenye maduara. Siwadharau wachimbaji, wapo waliojenga na kusomesha kwa dhahabu ile. Lakini mimi sikwenda kutafuta dhahabu, nilikwenda kujificha, na mtu anayejificha hata mkwanja akiupata haumkai. Baada ya miaka miwili nilirudi na kikohozi na redio.

Mwaka 1998 niliomba tena kilekile chuo cha diploma. Siku ya kuripoti, aliyenipokea getini na kunionyesha kitanda alikuwa mshikaji niliyemcheka mwaka 1996 kwa "kukubali chuo cha watu waliofeli". Alikuwa mwaka wa mwisho. Hakunicheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Barua ya kukataliwa haikunipotezea hata mwezi mmoja. Miaka miwili niliipoteza kwa kuificha. Haya ndiyo niliyomwambia mpwa wangu pale barabarani, na ndiyo ninayokwambia wewe.

Wametosa kwa nini?

Nikamwomba simu tuangalie maombi yake. Alisoma PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia. Matokeo yake ni C ya Biolojia, C ya Kemia na D ya Fizikia. Hesabu iko hivi: A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Binti ana pointi 8. Kusomea udaktari wa binadamu sifa ya chini ni pointi 6 katika masomo hayo matatu, na usishuke chini ya D hata somo moja. Kwa hiyo sifa anazo.

"Sasa anko, kama sifa ninazo, mbona wamenikataa?"

Hapa ndipo vijana wengi wanapojeruhiwa. Kuwa na sifa ni sawa na kukata tiketi ya kupanga foleni, siti ni habari nyingine. Kozi ikiwa na nafasi chache na waombaji kibao, chuo kinaanza na mwenye alama za juu na kushuka mpaka nafasi ziishe. Zikiishia kwa aliye juu yako, unapata jibu la hapana. Jibu hilo halisemi kwamba wewe mjinga. Linasema siti zimeisha.

Tukaendelea kuperuzi. Vyuo vitatu alivyoomba, vyote vinavyogombewa na nchi nzima. Na kote ameomba kozi moja, udaktari. Nikamuuliza nani alichagua.

"Yule kaka wa steshenari. Alisema hivyo ndivyo vinavyovuma."

Basi bwana! Kibuti chenyewe kilianzia kwenye kiti cha steshenari. Tena namba ya simu iliyoandikwa kwenye maombi mawili ilikuwa ya huyohuyo kaka, kwa sababu siku ile laini ya binti ilikuwa haina salio. Ukiwa na mpenzi mmoja anayefuatwa na mji mzima, halafu barua zake zinapitia kwa jirani, utamlaumu nani?

Tusisahau pia tumetoka wapi. Mwaka 1961, chuo cha kwanza cha aina hii kilipofunguliwa Dar es Salaam kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kilianza na kitivo cha sheria peke yake na wanafunzi wasiofika 20. Kabla ya hapo kijana wa Tanganyika aliyetaka digrii aliitazamia zaidi Makerere, Uganda. Leo vyuo vipo vingi, lakini tunabanana kwenye mlango uleule mmoja halafu tunalia kwamba mlango ni mwembamba.

Lia, lakini uwe na saa mkononi

Nisikudanganye, kutoswa kunauma. Usimsikilize anayekwambia "jikaze tu". Lia. Lala. Siku moja usile kama chakula hakipiti. Lakini siku ya pili amka, kwa sababu udahili wa vyuo vikuu unakwenda kwa awamu. Dirisha la kwanza likifungwa na majina kutoka, linafunguliwa la pili kwa waliokosa, na hukaa wazi siku chache tu. Siku ile pale barabarani nilipoangalia tarehe, mpwa wangu alikuwa amebakiwa na siku tatu. Siku tisa alikuwa amezitumia kuumwa kichwa.

Haya ndiyo ninayomwambia kila aliyepigwa kibuti cha chuo.

Kwanza, mwambie mtu mmoja siku hiyohiyo. Siyo kundi la WhatsApp, mtu mmoja mwenye akili timamu: anko, shangazi, mwalimu wako wa zamani. Siri ya namna hii ukiibeba peke yako inaongezeka uzito kila siku.

Pili, waambie waliokulipia ada kabla hawajaingia gharama nyingine. Watakasirika, ndiyo. Lakini hasira ya leo ni nafuu kuliko ya siku utakapotakiwa kupanda basi la Dar na huna pa kushukia.

Tatu, kaa mbali kidogo na picha za wenzako wanaoagana na kupiga picha stendi. Si kwamba uwaonee wivu. Kidonda kibichi hakipakwi pilipili, basi.

Nne, usifanye uamuzi mkubwa ukiwa bado unalia. Wapo wanaokimbilia machimboni kama mimi. Wapo mabinti wanaokubali mume wa haraka ili nyumbani wasiulizwe habari za chuo. Wapo wanaotoa pesa kwa jamaa anayejidai "ana mtu wake ndani". Nafasi ya chuo haiuzwi gengeni, kijana. Anayekuuzia kavuna machozi yako.

Tukarudi nyumbani. Mambo kama haya hayana mlango mzuri wa kuingilia, tuliingia tu. Binti akapiga magoti mbele ya baba yake, akasema yote, na lile la siku tisa akalisema.

Shemeji hakujibu. Akanyanyuka, akatoka nje, akaenda kusimama zizini. Tulimuona kwa dirishani akiwa kawashika ng'ombe waliobaki migongoni, mmoja mmoja, kama anawahesabu. Dada alikuwa analia kimyakimya. Giza lilipoanza, akarudi.

"Chuo hakijaniuma," akamwambia binti yake. "Kilichoniuma ni wewe kuniacha nitembee mtaani na uongo mdomoni mwangu, bila mimi kujua."

Kimya. Halafu akaketi.

"Dume limeshauzwa, halirudi. Sasa niambieni, hiyo hela tunaifanyia nini?"

Nikajua tumepona. Nikaomba daftari.

Daftari juu ya mkeka

Usiku ule tulikaa watu wanne kwenye mkeka, na michembe ya kutafuna, tukachora mistari. Naomba na wewe uchukue kalamu, maana kuchagua chuo cha pili ni kazi ya kichwa, machozi yawe yamekauka.

*Mlango wa kwanza: dirisha la pili la shahada.* Vyuo hutangaza kozi ambazo bado zina nafasi. Tangu mwaka wa masomo 2017/18 unaomba moja kwa moja chuoni, na kitabu cha mwongozo cha TCU kinaeleza kila kozi inataka sifa gani na ina nafasi ngapi. Kisome! Usimwachie kaka wa steshenari. Ukichagua, changanya: kozi moja ya ndoto, moja ya katikati, na moja ambayo alama zako zinaikalia bila kutokwa jasho. Na hiyo ya tatu iwe kozi ambayo uko tayari kuisoma kweli. Kuomba kozi unayoichukia ni kujitafutia kibuti kingine mwaka wa kwanza.

*Mlango wa pili: diploma.* Najua wengi hapa mnakunja uso, nami niliukunja. Lakini stashahada si mwisho wa reli. Ukimaliza diploma ya ngazi ya 6 kwa GPA ya kuanzia 3.0, na vyeti vyako vya kidato cha nne vikiwa sawa, unaruhusiwa kuomba shahada ya fani hiyo. Hata aliyesomea utabibu ngazi ya diploma anaweza kuja kuomba udaktari akitimiza masharti. Na tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo inakopesha pia wanafunzi wa diploma katika fani za kipaumbele, zikiwemo za afya na madini. Zamani mkopo ulikuwa wimbo wa wenye digrii.

Tena sisi wa Shinyanga tumezungukwa na vyuo, tunavipita tu kwenye baiskeli. Kolandoto kuna chuo cha sayansi za afya chenye hospitali yake hapohapo. Kizumbi kuna tawi la Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Mjini kuna chuo cha ualimu tunachokiita Shycom, kuna VETA, kuna ESIS kwa wanaopenda miamba na madini. Ukienda Mwanza kuna SAUT, kuna Bugando, kuna tawi la TIA. Anayelala kwao au kwa shangazi yake anaokoa kodi ya chumba, na kodi ya chumba ndiyo inayowarudisha wengi nyumbani katikati ya muhula.

*Mlango wa tatu: kozi ya maandalizi ya Chuo Kikuu Huria.* Huu ni wa wale ambao pointi zao hazifiki zile 4 za masomo mawili zinazohitajika kuingia shahada. Mwenye kuanzia pointi 1.5 kwenye masomo mawili anaweza kuombea hapo, akasoma, akifaulu kwa kiwango kinachotakiwa akaendelea na digrii. Mpwa wangu hakuuhitaji, lakini jirani yake aliuhitaji na hakuujua.

*Mlango wa nne: kurudia mtihani* kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ni mlango halali, ila ujiulize kwa ukweli: nini kitabadilika? Kama mwaka ule uliumwa, au shule haikuwa na mwalimu wa Fizikia na sasa umempata, rudia. Kama unarudia ili tu usiseme neno diploma mbele ya washikaji, unarudia kwa ajili yao. Na mtihani wa kidato cha sita hufanyika Mei, lakini usajili hufungwa miezi mingi kabla.

Maswali manne ya mchumba wa pili

Mchumba wa pili hachukuliwi kwa hasira ya kumkomoa wa kwanza. Kila chuo tulichokiandika kwenye daftari tulikiuliza maswali manne.

*Una cheti?* Chuo na kozi yenyewe vinatambuliwa na TCU, au NACTVET kama ni diploma? Usiridhike na bango la barabarani. Mwaka 2017 TCU ilizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, na kozi 75 katika vyuo vingine zikazuiwa vilevile. Kwa hiyo swali hili si la kumtilia mtu shaka tu, yalishatokea.

*Utanigharimu nini mpaka mwisho?* Ada ni nusu ya habari. Andika chumba, chakula, nauli ya kwenda na kurudi, vitabu, na mafunzo kwa vitendo. Zidisha kwa miaka yote. Na kumbuka ombi la mkopo linakwenda peke yake, tofauti na ombi la chuo, na linataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa RITA. Wengi wamepata chuo wakakosa mkopo kwa sababu ya karatasi moja.

*Nikitoka hapo nitafanya kazi gani?* Sisi wa huku tunaangalia migodi. Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu ukafuata 2001, na migodi inahitaji mafundi umeme, wachomeleaji, wa maabara, wa miamba. Sawa kabisa. Ila Buzwagi pale Kahama ulifunguliwa 2009 na kufika 2021 ukawa umefikia mwisho. Mgodi una umri. Chagua ufundi ambao mgodi ukifungwa unaondoka nao kichwani, unaenda kuufanyia kazi Mwanza au popote.

*Ngazi inaendelea?* Ukimaliza hapo unaweza kupanda juu zaidi, au ukuta? Kozi nzuri ya pili ni ile inayokuachia ngazi ukutani.

Wapo waliopita mlango wa pembeni

Shemeji bado alikuwa na wasiwasi. "Lakini mtu wa diploma si ataitwa mtu wa diploma tu maisha yake yote?"

Nikamkumbusha jirani yetu wa Chato, hayati John Magufuli. Kabla ya digrii yake ya Mlimani alisomea diploma ya ualimu Mkwawa, Iringa, akashika chaki Sengerema, akifundisha Kemia na Hisabati. Ndipo akaingia chuo kikuu, akamaliza 1988. Udaktari wake wa falsafa aliupata 2009, na mwaka 2015 akaingia Ikulu. Sisemi kwamba alikataliwa na chuo. Nasema diploma haikumzuia.

Mwingine ni Mzanzibari Abdulrazak Gurnah. Alifika Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960 akiwa kijana, akaanzia chuo cha ufundi pale Canterbury, akafanya kazi za chini hospitalini, halafu akasoma Christ Church, chuo kilichokuwa cha kufundishia walimu. Siyo Oxford, siyo Cambridge. Mwaka 2021 akapewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Waliompa hawakumuuliza alianzia geti gani.

Ila nisikupambe. Kwa kila Gurnah wapo maelfu waliosoma chuo cha pili wakawa watu wa kawaida tu: muuguzi wa zahanati, mwalimu wa kata, fundi wa maabara. Wanalipa kodi ya nyumba, wanasomesha watoto. Hiyo nayo ni maisha, tena maisha mazuri.

Ikawaje?

Kesho yake asubuhi binti alikwenda mjini mwenyewe. Aliomba vyuo vitatu, kozi tatu tofauti: uuguzi, sayansi ya maabara, na ualimu wa Kemia na Biolojia. Safari hii aliketi yeye kwenye kiti mbele ya kompyuta, kaka wa steshenari akasimama pembeni. Namba ya simu akaandika ya kwake. Diploma ya utabibu nayo akaiombea, iwe akiba.

Halafu akafanya jambo ambalo mimi mwaka 1996 lilinishinda. Akapita kwa rafiki zake watatu aliowaambia anakwenda Dar, akawaambia ukweli. Mmoja alicheka. Wengine wawili, kumbe mmoja wao naye katoswa na alikuwa kaficha! Kicheko cha yule wa kwanza kilidumu siku mbili, mtaa ukapata habari nyingine ya kusema.

Majibu ya awamu ya pili yalipotoka, vyuo viwili vilimtaka. Sasa yeye ndiye aliyekuwa na wachumba wawili! Ukichaguliwa na zaidi ya chuo kimoja unatumiwa namba maalumu ya siri kwenye simu, unaitumia kuthibitisha kimoja. Usipothibitisha kwa wakati, nafasi inapotea. Fikiria kama ingekwenda kwenye simu ya steshenari.

Siku ya kuthibitisha nilikuwepo. Alichagua maabara, si uuguzi. Nikamuuliza sababu. "Anko, nimelijaza lile daftari. Maswali yote manne yamejibiwa, na nikiwaza hiyo kazi situmbuki machozi." Akaingiza namba, akabonyeza.

Baba yake alikuwa mlangoni.

"Hiyo maabara ndiyo wale wanaotoboa watu vidole?"

"Ndiyo, baba."

Akafikiri kidogo. "Sawa. Basi dume langu limekwenda kutoboa vidole."

Ndoto ya udaktari hajaizika. Anasema atamaliza hiki kwanza, halafu ataangalia. Godoro na tranka vimeondoka naye, havikuhitaji kubadilishwa. Na kichwa, dada ananiambia, tangu siku ile hakijamuuma tena.

Wewe unayesoma hapa huku simu umeilaza kifudifudi ili usione majina, igeuze. Angalia tarehe. Halafu nenda kamwambie mtu.

Wiki ijayo tunarudi kwenye vibuti vyetu vya kawaida: mchumba anayekopa kila mwisho wa mwezi, unamfanyaje? Usikose.